Mlalamishi ni Jamhuri

Kikao chenyewe kinajulikana. Viti vya plastiki vimepangwa chini ya mwembe, wazee wa pande mbili wamefika, chai ya rangi imemiminwa, mzee wa kijiji amefungua kwa dua. Msichana wa miaka 14 amenajisiwa na jirani. Jua linapofika utosini, upande wa mshukiwa umeshataja kiasi: mbuzi wawili, au shilingi 50,000, au ahadi kwamba kijana atamwoa. Mama wa msichana ameketi nyuma na akina mama wenzake, na hakuna anayemuuliza lolote. Msichana mwenyewe hayupo. Watu wanapoinuka, baba mkwe anamwendea mama huyo na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, aibu yetu imebaki nyumbani. Mshukuru Mungu."

Vikao vya namna hii havina kabila wala dini moja. Huko Garissa, Wajir na Mandera vina jina lake kabisa, maslaha, na hesabu hupigwa kwa ngamia. Lugha hubadilika na malipo hubadilika, lakini mpango ni ule ule: wanaume wa familia mbili hupatana, na aliyeumizwa hupelekewa habari. Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu jambo moja ambalo wazee hao ama hawalijui ama wanalijua na kulifumbia macho. Kwa sheria za Kenya, kosa hilo si lao. Hawawezi kulisamehe, hawawezi kulilipia, hawawezi kulizika.

Tuanzie kwenye jalada la kesi. Faili la ubakaji au unajisi linapofunguliwa kortini, jina linaloandikwa upande wa mashtaka ni Jamhuri. Manusura ni shahidi, kwa kawaida shahidi wa kwanza. Anayeshtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kwa niaba ya Wakenya wote, na hata yeye amefungwa mikono: Kifungu cha 157 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema hawezi kuiondoa kesi bila idhini ya mahakama. Sheria ya Makosa ya Kingono, katika kifungu chake cha 40, iliweka uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na jukumu hilo sasa ni la Mkurugenzi huyo. Halikuachiwa mkuu wa kituo cha polisi. Halikuachiwa chifu. Baba wa mtoto naye hakupewa.

Hata milango ambayo watu huikimbilia kwa heshima imefungwa hapa. Kadhi, kwa mujibu wa Kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Jinai haimhusu. Wazee wa jamii nao wanatambuliwa na Kifungu cha 159, lakini kifungu hicho hicho kinawakataza kutumia njia inayovunja haki za binadamu. Na ile ahadi ya kuoa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka bwana na bibi wawe wametimiza miaka 18. Kumwoza msichana wa miaka 14 kwa aliyemnajisi ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Mwenye kupokea pesa ili kosa kubwa la jinai lifichwe naye anajiingiza hatiani chini ya Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo mbuzi wale wawili chini ya mwembe wanaweza kuwaletea wazee kesi yao wenyewe.

Sheria haikuwa hivi siku zote. Hadi mwaka 2006 ubakaji ulikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu iliyoachwa na wakoloni, katika sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba kilichovunjwa ni adabu za mtaa, wala si mwili wa mtu. Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule na leo jaji wa Mahakama ya Juu, ndiye aliyepeleka bungeni mswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kingono. Bunge lilikuwa la wanaume kwa wingi wao, na mjadala ulichacha. Mbunge mmoja alidai kwamba mwanamke wa Kiafrika akikataa huwa amekubali, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Mswada ulipita, ila kwa bei. Wapinzani walidai kiingizwe kifungu cha 38, kilichosema kwamba anayetoa madai ya uongo ataadhibiwa kwa kifungo sawa na kile ambacho mshtakiwa angepewa. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mwanamke aliyesita mlangoni mwa kituo cha polisi: kesi ikianguka, huenda ukaingia wewe. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012.

Mahakama nazo zilikuwa na desturi yao. Kwa miaka mingi hakimu alipokuwa na neno la mwanamke peke yake, alitakiwa kujionya kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Aliyeibiwa kuku hakuwekewa onyo hilo, aliyebakwa aliwekewa. Mabadiliko yalianzia Pwani. Januari 2003, Mahakama ya Rufaa katika kesi iliyotoka Mombasa ilitamka kwamba sharti hilo linawabagua wanawake na linakwenda kinyume na Katiba. Leo kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinasema waziwazi kwamba katika makosa ya kingono hakimu anaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa neno la manusura peke yake, mradi aandike sababu zilizomfanya aamini kwamba anasema kweli.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la uelewa mitaani. Watu wengi husema, "Hakuna daktari, hakuna DNA, hakuna kesi." Si kweli. Mahakama ya Rufaa imeshaamua kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuiui kesi, kwa kuwa ubakaji waweza kuthibitishwa kwa maneno ya manusura au kwa mazingira ya tukio. Tena makosa haya hayana tarehe ya kuisha. Aliyebakwa miaka 10 iliyopita bado ana haki ya kuripoti leo. Atakachoulizwa ni kwa nini alichelewa, na woga ni jibu ambalo mahakimu wamelisikia na kulielewa mara nyingi.

Lakini asidanganyike mtu kwamba daktari hana kazi. Kesi iliyo na karatasi nzuri husimama imara zaidi, na karatasi nzuri huandikwa saa za mwanzo.

Kwanza hospitali, kisha polisi. Wengi hufanya kinyume, au huambiwa wafanye kinyume, wakarudishwa na muuguzi anayedai barua ya kituo. Matibabu hayasubiri nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Humezwa kwa siku 28 mfululizo. Vidonge vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, navyo mapema ni bora. Kanuni za mwaka 2012 zilizotungwa chini ya kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kingono zinasema matibabu haya katika hospitali za umma yalipwe na serikali. Manusura akidaiwa pesa ya kadi kabla ya kuonwa, ana haki ya kuuliza ni kwa sheria ipi.

Katika chumba cha daktari kuna fomu mbili, na inafaa kila mzazi azijue. Ya kwanza ni ile iitwayo PRC, yaani fomu ya huduma baada ya ubakaji, yenye nambari MOH 363. Maswali yake ni ya kina ajabu. Nguo zilikuwa katika hali gani: zimechanika, zina madoa, za rangi gani? Manusura alizibadilisha? Zilibebwa katika mfuko wa plastiki au usio wa plastiki? Zilikabidhiwa polisi? Je, alioga? Alikwenda haja? Maswali haya hayamlaumu mtu. Plastiki hufungia unyevu, na unyevu huharibu ushahidi, ndiyo maana nguo za tukio huwekwa katika bahasha ya kaki au hata gazeti, bila kufuliwa. Fomu hujazwa nakala tatu: moja huenda kwa polisi, moja hubaki hospitalini, na moja ni ya manusura mwenyewe. Nakala hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Faili la polisi likipotea, na mafaili hupotea, nakala iliyo chini ya godoro nyumbani ndiyo itakayofufua kesi.

Fomu ya pili ni P3, inayotolewa na polisi na kujazwa na mhudumu wa afya. Haiuzwi. Kituo kinachodai pesa kwa karatasi hiyo kinavunja utaratibu wake chenyewe.

Sasa polisi. Hapa ndipo penye simulizi chungu, na hapa ndipo penye ushindi mkubwa zaidi.

Mjini Meru kuna shirika liitwalo Ripples International, linalohifadhi wasichana walionajisiwa. Shirika hilo lilikuwa likipokea watoto, wengine wadogo kiasi cha miaka 3, ambao washambulizi wao walijulikana kwa majina na makao. Walikuwa baba, ndugu, majirani. Kesi ziliripotiwa na hazikwenda popote. Polisi walikataa kuandika taarifa, au waliwahoji watoto kwa namna ya kuwatisha, au walisubiri wahusika wawaletee mashahidi. Tarehe 11 Oktoba 2012, Ripples na wasichana 11 waliipeleka serikali yenyewe Mahakama Kuu ya Meru. Wasichana waliandikwa kwa herufi za majina yao tu. Nyuma yao walikuwepo wengine wengi, ndiyo maana kesi ikaitwa ya wasichana 160.

Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau alitoa uamuzi ambao bado unasomwa katika vyuo vya sheria nje ya Afrika. Alisema kwamba polisi kutochunguza malalamiko hayo kwa haraka na kwa ukamilifu ni ukiukaji wa haki za wasichana hao: haki ya usawa, haki ya utu, haki ya kulindwa na kupata haki mahakamani. Aliwaelekeza polisi wachunguze upya. Zaidi ya hayo, aliondoa kisingizio. Kabla ya uamuzi huo, afisa aliyesema "njoo kesho" alionekana mzembe tu. Baada ya uamuzi huo, "njoo kesho" ikawa kosa la kikatiba.

Mwaka huo huo, huko Busia, uvivu wa polisi ulipata picha ambayo nchi haikuweza kuisahau. Msichana wa miaka 16, ambaye vyombo vya habari vilimpa jina la kubuni la Liz, alishambuliwa na kundi la wanaume alipokuwa akirudi kutoka matangani. Alitupwa ndani ya shimo la choo akiwa ameumia mgongo. Washukiwa waliokamatwa na wanakijiji walipewa adhabu na polisi: kufyeka nyasi za kituo. Kisha wakaachiliwa. Gazeti moja la Nairobi lilipochapisha habari hiyo, zaidi ya watu milioni 1 duniani walitia saini ombi la kudai haki, na waandamanaji wakafika makao makuu ya polisi. Mwaka 2015, watu 3 walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja.

Kesi hizo mbili zinafundisha jambo moja la kutumia. Manusura anaporipoti, haombi hisani. Anadai huduma. Taarifa lazima iandikwe katika kitabu cha matukio, na nambari ya OB ni yake aondoke nayo mkononi. Dawati la jinsia likiwa limefungwa, afisa aliye zamu bado ana wajibu. Akikataa, mkuu wa kituo yupo. Naye akikataa, halmashauri huru inayosimamia utendakazi wa polisi, IPOA, hupokea malalamiko ya raia.

Kortini kuna kinga ambazo watu hawazijui, na kwa kutozijua wengi hukata tamaa kabla ya kufika. Hofu kubwa ni kusimama ana kwa ana na aliyekutenda, mbele ya kadamnasi, ukiulizwa ulilala na nani mwaka jana. Kifungu cha 34 cha sheria ya 2006 kinakataza maswali juu ya historia ya kimapenzi ya manusura, isipokuwa mahakama yenyewe itoe idhini. Kifungu cha 31 kinamruhusu hakimu kumtangaza shahidi kuwa anahitaji ulinzi. Baada ya hapo anaweza kutoa ushahidi akiwa nyuma ya pazia, au kupitia mtu wa kati anayemsaidia kueleza, hasa akiwa mtoto au mwenye ulemavu wa akili, au katika chumba kilichoondolewa wasikilizaji. Jina lake haliruhusiwi kuchapishwa. Mshtakiwa akiomba dhamana, ambayo ni haki yake kikatiba, Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inataka usalama wa manusura na familia yake uzingatiwe katika masharti. Mshukiwa anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwenu anaweza kuamriwa akakae kwingine mpaka kesi iishe, lakini lazima mtu aieleze mahakama kwamba anaishi nyumba ya tatu.

Mtu huyo anaweza kuwa wakili wa manusura. Wengi hudhani wakili ni wa mshtakiwa peke yake, kwa kuwa serikali tayari ina kiongozi wa mashtaka. Ni kweli kwamba kiongozi wa mashtaka ndiye anayeendesha kesi. Hata hivyo ana mafaili mengi kwa siku moja, na pengine hukutana na shahidi wake kwa mara ya kwanza kwenye veranda ya korti. Zamani wakili wa manusura aliruhusiwa kuketi na kuangalia tu. Mwaka 2020, Mahakama ya Juu katika kesi ya Waswa dhidi ya Jamhuri, iliyohusu mauaji, ilipanua nafasi hiyo. Mwathiriwa au wakili wake anaweza kushiriki kesini kwa idhini ya jaji na kuwasilisha maoni yake, ila asigeuke kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Wakati wa hukumu, manusura ana haki ya kueleza jinsi kosa lilivyomwathiri.

Pesa za wakili zatoka wapi? Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1985, husaidia bila malipo na kina ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwatetea maskini tangu 1973. COVAW hushughulikia dhuluma dhidi ya wanawake, na MUHURI, shirika la haki za binadamu, liko Mombasa. Serikali nayo, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, ina idara ya kitaifa ya msaada huo. Mtu hahitaji kumjua mkubwa yeyote ili apokelewe.

Adhabu je? Kwa unajisi wa mtoto wa miaka 11 au chini, ni kifungo cha maisha. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Kwa wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Ubakaji wa mtu mzima huanzia miaka 10 na waweza kufika maisha. Kwa muda fulani viwango hivi viliyumba. Baada ya Mahakama ya Juu kuondoa mwaka 2017 ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, baadhi ya majaji walianza kupunguza vifungo vya makosa ya kingono pia, na wafungwa wakarudi kortini kuomba wapunguziwe. Julai 2024, Mahakama ya Juu ilikata mzizi wa fitina: uamuzi wa 2017 ulihusu mauaji tu, na viwango vya chini vya sheria ya 2006 vinabaki. Mtu aliyekuwa amepunguziwa kifungo alirudishiwa miaka yake 20.

Wapo wanasheria wanaosema viwango hivyo vina ukali usiochagua, hasa pale wavulana na wasichana wa umri mmoja wanapopendana. Hoja hiyo ina uzito na Bunge linapaswa kuitazama. Lakini haimhusu jirani wa miaka 40 na mtoto wa miaka 14, na isitumiwe kumkinga.

Sheria yenyewe ya 2006 ina pengo ambalo lafaa kutajwa bila kupindapinda. Kifungu cha 43 kinawatoa wanandoa katika maelezo ya tendo lisilo halali, kwa hiyo mume anayemlazimisha mkewe ni vigumu kushtakiwa kwa ubakaji. Mke huyo hakuachwa mtupu kabisa. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa dhuluma, na mahakama inaweza kumpa amri ya ulinzi, hata kumtoa mume nyumbani. Ni nusu ya haki, na nusu iliyobaki ni deni la Bunge.

Wanaume nao wasidhani mazungumzo haya hayawahusu. Sheria ya 2006 haikubagua jinsia ya aliyetendewa. Mvulana aliyelawitiwa madrasa au shuleni, kijana aliyeshambuliwa seli, wote wana fomu ile ile, dawa zile zile na korti ile ile. Kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wanaume walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa kingono. Mwaka 2013 manusura 8, wanawake 6 na wanaume 2, pamoja na mashirika yakiongozwa na COVAW, waliishtaki serikali kwa kushindwa kuwalinda na kushindwa kuchunguza. Walisubiri miaka 7. Tarehe 10 Desemba 2020, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba serikali ilikiuka haki za wanne kati yao, na akaagiza kila mmoja alipwe shilingi milioni 4. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya Kenya kuibebesha serikali mzigo wa dhuluma za kingono za ghasia hizo.

Miaka 7 ni mingi. Ucheleweshaji ndio ugonjwa ambao sheria nzuri haijautibu. Kesi huahirishwa kwa sababu afisa mpelelezi amehamishwa, au daktari yuko masomoni, au sampuli zimekwama kwa Mkemia wa Serikali. Kila tarehe mpya ni nauli mpya kwa mama wa kutoka Magarini au Lunga Lunga, na ni siku ya kibarua iliyopotea. Wazee wa chini ya mwembe wanaujua udhaifu huu na huutumia vizuri: "Korti itakumaliza, sisi tunamaliza leo." Idara ya Mahakama imeanza kuwajibu. Machi 2022, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua Shanzu, Mombasa, mahakama ya kwanza nchini iliyotengwa kwa kesi za dhuluma za kingono na kijinsia, na nyingine zikafuata. Kaunti 47 zinahitaji zaidi ya hizo, na kila kaunti inahitaji chumba cha kungojea ambamo manusura hataketi benchi moja na familia ya mshtakiwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 13 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupitia ukatili wa kingono. Hao ni waliokubali kumwambia mgeni mwenye karatasi ya maswali. Katika kila kituo cha matatu, kila jumuiya na kila safu ya waumini, mmoja yupo.

Kwa hiyo likitokea jirani, au likatokea kwako, usingoje kikao. Usioge, usifue nguo, ziweke kwenye karatasi. Nenda hospitali ya umma kwanza, ndani ya saa 72, uombe fomu ya PRC na uondoke na nakala yako. Nenda kituo cha polisi, uandikishe, uchukue nambari ya OB na jina la afisa. Tafuta FIDA au ofisi ya msaada wa kisheria kabla ya tarehe ya kwanza ya korti. Simu ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116. Mtu mzima yeyote anaweza kuzipiga kwa niaba ya mwingine. Na mzee akikuita uje upokee mbuzi, mwambie kwa heshima zote: mlalamishi ni Jamhuri, na Jamhuri haipokei mbuzi.